Laptopu ya ghalani ikimaliza betri kabla hakujapambazuka, anza na taima

Kama una laptopu ya Linux inayosoma mizani kwenye ghala la korosho, iwe Newala au Ruangwa, na usiku inakesha kwa betri ya sola, usikimbilie Mtwara mjini kununua paneli nyingine. Pima kwanza prosesa inaamshwa mara ngapi kwa sekunde. Ichomoe kwenye chaji, endesha `sudo powertop`, iache dakika kadhaa bila kuigusa, kisha tazama ukurasa wa kwanza: jumla iko juu, na safu ya Events/s inaonyesha kila programu inaamsha mara ngapi.

Mara nyingi mkosaji ni programu ya mizani yenyewe. Imeandikwa ilale milisekunde 10, iulize kama kuna uzito mpya, ilale tena. Hiyo ni mara 100 kwa sekunde, yaani 8,640,000 kwa siku, na karibu kila mara jibu ni hakuna. Intarapti ya taima yenyewe (ishara inayoikatiza prosesa muda ukifika) inakula mikrosekunde chache tu. Hasara iko kwenye usingizi: prosesa ikilala fofofo huzima sehemu zake nyingi, na kuziwasha upya kunataka muda na umeme. Kerneli, yaani kiini cha Linux kinachogawa kazi za prosesa, ikiona taima ijayo iko karibu mno, hairuhusu usingizi mzito kabisa. Muda wa kuamka kutoka kila ngazi utauona kwenye `/sys/devices/system/cpu/cpu0/cpuidle/`, katika faili za `latency`. (Kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, usitarajie makubwa, bodi huendelea kula umeme hata prosesa ikilala.)

Dawa ni kuifanya programu isubiri kwenye mlango wa USB kwa `poll()`, wito unaoilaza programu hadi data ifike, isiyo na kikomo cha muda, au yenye kikomo cha sekunde 30 ukitaka kujua kama kebo imechomoka. Baiti zikifika, kerneli itaiamsha. Lakini angalia: mizani nyingine hutuma namba mfululizo hata zikiwa tupu. Ziweke kwenye hali ya kutuma uzito ukishatulia tu, la sivyo `poll()` haitakusaidia kitu.

Utashauriwa pia uunde kerneli upya na kushusha HZ, idadi ya mapigo ya saa ya kerneli kwa sekunde, kutoka 1000 hadi 100. Achana na hilo. Tangu 2007 kerneli ya Linux inaweza kusimamisha mapigo hayo prosesa ikikosa kazi, kwa hiyo usiku hayakugharimu. Hata mchana: kwa HZ 250, tuseme kila pigo linakula mikrosekunde 4, jumla ni milisekunde 1 kwa sekunde, asilimia 0.1. `nohz_full`, inayosimamisha mapigo hata prosesa ikiwa kazini, nayo iwachie wenye seva. Imekusudiwa kiini cha prosesa chenye kazi moja tu, na huongeza gharama kila programu inapoingia na kutoka kwenye kerneli.

Nakala rudufu na kutuma ripoti zihamishie kwenye taima za systemd (msimamizi wa huduma za Linux), na `AccuracySec`, kiasi taima inachoruhusiwa kuchelewa, usiiguse. Bila kuguswa ni dakika 1, na ndani ya dakika hiyo systemd huzikusanya taima zake ziamke pamoja. Ukiandika `1us` ukidhani ndio umakini, unazitawanya. Programu isiyojali kuchelewa iongezee ulegevu, yaani muda ambao kerneli inaweza kuchelewesha taima zake: kerneli huanza na mikrosekunde 50, na `prctl(PR_SET_TIMERSLACK, 50000000)` huufanya milisekunde 50. Thredi (nyuzi za programu) zenye kipaumbele cha wakati halisi, `SCHED_FIFO`, hazipati ulegevu huo, sababu mojawapo ya kutoipa programu ya mizani kipaumbele hicho.

Kurekodi joto na unyevu kila dakika ni habari nyingine. Ukitumia `sleep(60)` na kihisi kikachukua sekunde 2 kusomwa, mzunguko ni sekunde 62: badala ya vipimo 1,440 kwa siku unapata kama 1,393. Tumia `clock_nanosleep` na `TIMER_ABSTIME`, yaani lala hadi saa fulani badala ya kwa muda fulani, ukiongeza sekunde 60 kwenye shabaha iliyopita. Saa iwe `CLOCK_MONOTONIC`, isiyoguswa saa ya kawaida ikirekebishwa. Kwa `CLOCK_REALTIME`, saa ya kawaida, mtandao ukirudi na saa ikasogezwa mbele saa nzima, utapata vipimo 60 kwa mpigo. Ikirudishwa nyuma, programu itakaa kimya saa nzima. Ila `CLOCK_MONOTONIC` husimama laptopu ikifunikwa na kulala. Ukitaka muda huo uhesabiwe, weka `CLOCK_BOOTTIME`, na uiambie programu iruke shabaha zilizokwisha kupita.