Bajeti ikishapita, kazi ya mkurugenzi ndiyo inaanza

Umeuliza kama mkurugenzi anayedhamini mabadiliko ya kiofisi, kama vile kuleta mfumo mpya, ana kazi yoyote baada ya kuidhinisha bajeti. Anayo, tena kubwa. Tafiti za Prosci, kampuni ya Marekani inayochunguza na kufundisha usimamizi wa mabadiliko kazini, zilizoanza 1998, zimekuwa zikitaja ushiriki wa wazi wa kiongozi huyo kuwa sababu ya kwanza ya mabadiliko kufanikiwa.

Barua pepe ya uzinduzi haitoshi. Aseme kwa kinywa chake kwa nini tunabadilika (kazi ya kila mmoja itabadilikaje, hilo watu hupenda kulisikia kwa bosi wao wa karibu). Halafu akae na wakuu wa idara mmoja mmoja, maana meneja akinuna kikaoni, idara yake yote inapoa.

Zaidi ya yote, watu wanamtazama yeye. Niliwahi kuona mfumo mpya wa kuomba likizo ukidorora kwa sababu mkurugenzi mwenyewe aliendelea kusaini fomu za karatasi. Siku aliporudisha fomu moja bila saini na kusema, “Niletee kwenye mfumo,” habari zilifika kila ofisi kabla ya saa ya chakula. Wiki iliyofuata karatasi zilikuwa zimekwisha mezani kwake.