Maswali ya Wasomaji: Shafti za Chuma au za Grafiti?

Swali: Ndugu Mhariri, nina umri wa miaka 58, na kwa muda mrefu nimecheza gofu kwa seti ileile ya ayani (fimbo zenye vichwa bapa vya chuma) zenye shafti, yaani fito zinazounganisha kichwa na mshiko, za chuma. Siku hizi kiwiko changu huuma upande wa ndani kila nimalizapo mazoezi, na mapigo yangu hayafiki yalikokuwa yakifika zamani. Fundi wa fimbo amenishauri nihamie grafiti, lakini wenzangu wanashikilia kwamba grafiti ni ya wanawake na wazee, na kwamba nikiihamia nitapoteza uhakika wa kulenga. Nimsikilize nani?
*Msomaji mwenye kiwiko kinachouma*

Jibu: Ndugu msomaji, msikilize fundi wako, ila kwanza umwulize swali ambalo wachezaji wengi hawalifikii: shafti anayoipendekeza ina uzito wa gramu ngapi, na ugumu wake ukoje? Tumezoea kubishana kuhusu chuma na grafiti kana kwamba kila moja ina tabia moja tu, ilhali shafti za chuma zenyewe zinatofautiana sana, na za grafiti zinatofautiana zaidi. Kinachoamua jinsi fimbo itakavyotenda mikononi mwako ni uzito kwanza, ugumu pili, kisha kiasi inavyojisokota wakati wa pigo na sehemu inayopindia zaidi. Malighafi ni njia tu ya kuzifikia sifa hizo.

Chuma cha pua kina takriban gramu 7.8 katika kila sentimita moja ya ujazo, na nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi, ambazo ndizo tunazoziita grafiti, hazizidi sana gramu 1.5. Hiyo ndiyo sababu shafti ya chuma ya aina ya Dynamic Gold, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kipimo cha wachezaji wa kulipwa, huwa na gramu 130 hivi kabla ya kukatwa, na shafti nyingi za grafiti za ayani huwa kati ya gramu 50 na 80. Hata hivyo zipo shafti nyepesi za chuma zisizofika gramu 100, kama vile N.S. Pro 950GH, na zipo za grafiti zinazozidi gramu 100, zikiwemo zile za SteelFiber ambazo kiini chake cha grafiti huzungushiwa nyuzi nyembamba za chuma. Mtu anayekuambia kwamba grafiti ni nyepesi mno kwako huenda hajawahi kushika hizi za mwisho.

Sasa uone maana ya gramu hizo katika fimbo nzima. Kichwa cha ayani namba 6 kina karibu gramu 260, mshiko una karibu gramu 50, na shafti nzito ya chuma iliyokwisha kukatwa huongeza kama gramu 120, hivyo unainua gramu 430 kila unapopiga. Ukiweka shafti ya grafiti ya gramu 65, jumla inashuka hadi gramu 375. Tofauti hiyo haihisiki katika pigo la kwanza la asubuhi, lakini kufikia mashimo ya mwisho, pale misuli ya mabega na mgongo inapoanza kulegea, ndiyo inayoamua kama utaendelea kuzungusha mwili mzima au utaanza kuusukuma mpira kwa mikono peke yake.

Kuhusu kiwiko chako, hapa malighafi yenyewe ina umuhimu wake. Mpira unapogongwa nje ya kitovu cha uso wa fimbo, au kichwa kinapochota ardhi ngumu kabla ya kuufikia mpira, mtetemo hupanda kwenye shafti hadi mikononi. Chuma huupitisha mtetemo huo ukiwa mkali. Tabaka za kaboni na gundi huupunguza makali njiani, kama vile mpini wa mti unavyopokea kishindo cha shoka vizuri kuliko bomba la chuma. Kwa mtu mwenye maumivu ya kano za kiwiko, au mwenye ugonjwa wa viungo vya vidole na vifundo, sababu hii peke yake inatosha kumhamisha, na ningemhimiza asione haya hata kidogo.

Lakini naomba usiiwekee grafiti matumaini yote. Ukiendelea kupiga mamia ya mipira juu ya mikeka migumu ya uwanja wa mazoezi, au ukikamata fimbo kwa nguvu kama mtu anayeogopa isimponyoke, kiwiko kitaendelea kuuma hata kwa shafti bora kuliko zote. Punguza mipira ya mkekani, pigia nyasini panapowezekana, legeza mkono, umwombe fundi aangalie kama mishiko yako ni myembamba kupita kiasi au imechakaa hata ikawa inateleza, na umwone daktari ikiwa maumivu hayapungui unapopumzika.

Hilo la wanawake na wazee ni mabaki ya historia. Hata chuma chenyewe kilikataliwa kwanza: wachezaji walitumia shafti za mti wa hikori, na R&A ya St Andrews, chama kilichosimamia kanuni za gofu, haikuziruhusu za chuma hadi mwaka 1929. Miaka miwili baadaye, mwaka 1931, Billy Burke akawa mchezaji wa kwanza kushinda US Open kwa shafti za chuma. Grafiti nayo ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, Frank Thomas alipoibuni akiwa katika kampuni ya Shakespeare, na shafti zile za mwanzo zilikuwa na kasoro ya kweli: zilijisokota mno, na mbili za aina moja hazikufanana. Sifa mbaya iliyozaliwa wakati huo imedumu kuliko kasoro yenyewe. Tiger Woods alishinda Masters ya mwaka 1997 draiva yake, yaani fimbo ya mapigo marefu zaidi, ikiwa na shafti ya chuma. Leo draiva ya namna hiyo karibu haionekani katika mashindano ya kulipwa. Bryson DeChambeau, ambaye hakuna anayeweza kumwita dhaifu, alishinda US Open ya mwaka 2020 akiwa na shafti za grafiti hata kwenye ayani zake.

Hofu ya kupoteza uhakika wa kulenga si ya kupuuzwa, ingawa chanzo chake sicho wanachodhani wenzako. Mtu aliyezoea gramu 120 akirukia gramu 50 kwa siku moja, mikono yake huwahi mbele ya mwili, mwendo wa swingi, yaani mzungusho wa fimbo, huharakishwa, na mpira hugongwa mara kwenye ncha ya kichwa, mara karibu na shingo. Uzito kiasi humsaidia mchezaji kujua kichwa cha fimbo kiko wapi kinapokuwa nyuma yake. Kwa hiyo, kwa umri wako na kwa mazoea yako, ningeanza kujaribu shafti za grafiti za gramu 75 hadi 85 zenye ugumu wa R (wa kawaida), kisha nishuke polepole endapo kasi inaongezeka na mipira bado inakusanyika mahali pamoja.

Fanya majaribio hayo kwa ayani moja, namba 6 au 7, kichwa kikiwa kilekile na shafti zikibadilishwa, na utumie mipira ya aina moja. Usihukumu kwa mpira mmoja uliokwenda mbali kuliko yote, kwa maana kila shafti itakupa mpira kama huo. Tazama mipira mibaya imeangukia wapi, na upana wa eneo ilimotawanyika. Rudia siku nyingine ukiwa umechoka. Shafti nyepesi inaweza kukurudishia yadi chache, lakini kwangu faida kubwa ni kuweza kupiga shimo la 18 kwa swingi ileile uliyoanza nayo.

Swali: Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 27 na nilikuwa mwanariadha. Mtambo ulipima kasi ya draiva yangu kuwa maili 92 kwa saa. Nilinunua seti iliyoandikwa kuwa ni ya wanawake, yenye shafti za grafiti, na ninapopiga kwa nguvu mpira hupaa juu mno na kukunja kushoto. Natumia mkono wa kulia. Je, nihamie chuma?
*Mpiga mipira ya kushoto*

Jibu: Dada, uwezekano mkubwa ni kwamba tatizo lako ni ulaini wa shafti, na si grafiti. Seti zilizoandikwa hivyo kwa kawaida huwa na ugumu wa L, ulio laini zaidi, uliokusudiwa kasi ya draiva isiyozidi maili 75 hivi kwa saa. Kwa kasi yako, shafti kama hiyo hupinda kupita kiasi, na kichwa hufika kwenye mpira kikiwa kimetangulia na kimejifunga, jambo linaloinua mpira na kuupeleka kushoto kwa mchezaji wa mkono wa kulia. Kasi ya maili 85 hadi 95 ndiyo inayohusishwa na ugumu wa R, na S, ulio mkubwa zaidi, hufuata baada ya hapo. Naona uchungu kila ninapokutana na mchezaji mwenye nguvu aliyepewa fimbo kwa kuangaliwa jinsia badala ya kupimwa kasi, kwa sababu atatumia muda mrefu kuirekebisha swingi isiyo na kosa.

Uwe mwangalifu na herufi hizo, maana hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, na R ya mmoja inaweza kuwa ngumu kama S ya mwingine. Jaribu katika ayani zako grafiti ya gramu 80 yenye ugumu wa R, kisha chuma chepesi cha gramu 95 cha ugumu huohuo. Ikiwa viungo vyako ni vizima na mipira ya chuma inakusanyika vizuri zaidi, chukua chuma bila kusita.

Swali: Je, ni kosa kuwa na grafiti kwenye draiva na chuma kwenye ayani? Pia, naweza kuvibakiza vichwa vyangu vya ayani na kubadili shafti tu?
*Mwenye seti ya zamani*

Jibu: Kuchanganya si kosa, na ndivyo wafanyavyo wachezaji wengi. La kuzingatia ni kwamba uzito wa shafti upande kwa hatua kadiri fimbo zinavyokuwa fupi: kwa mfano gramu 60 kwenye draiva, 70 kwenye fimbo ndefu zinazofuata, 80 kwenye haibridi (mchanganyiko wa ayani na fimbo hizo ndefu), 95 kwenye ayani, na 110 au zaidi kwenye weji (fimbo za mapigo mafupi). Anayetoka kwenye haibridi ya gramu 60 na kushika ayani ya gramu 130 anaulazimisha mwili wake kubadili mwendo katikati ya mchezo.

Kubadili shafti kunawezekana, lakini kabla ya kununua chochote fundi apime tundu la shingo ya kichwa. Baadhi ya vichwa hupokea shafti yenye ncha iliyo sawasawa, ya inchi 0.370, na vingine hupokea ncha inayochongoka, ya inchi 0.355. Kisha kuna mizani ya fimbo, yaani jinsi kichwa kinavyohisika kuwa kizito unapoizungusha, ambayo mafundi huiandika kwa herufi na namba kama D2. Kila shafti inapopungua kwa gramu 9 au 10, mizani hushuka kwa hatua moja hivi. Ukipunguza gramu 60, fimbo ya D2 itashuka hadi karibu na C6, na utahisi kama kichwa kimetoweka. Fundi hurudisha hatua tatu kwa kuongeza urefu wa nusu inchi, na hatua zilizobaki kwa kuongeza uzito kichwani, gramu 2 kwa kila hatua. Kazi hii isipofanywa, mchezaji huilaumu grafiti kwa kosa la fimbo iliyoungwa vibaya.

Swali: Nimepata ayani zilizotumika zenye shafti za grafiti. Nizikague vipi?
*Mnunuzi mwangalifu*

Jibu: Chuma kinapoharibika huonekana: kutu, bonde, au kupinda. Grafiti huweza kuficha ufa chini ya rangi, kwa hiyo ikague mchana kwenye mwanga wa kutosha. Pitisha kucha polepole kuzunguka shafti, hasa sentimita chache juu ya shingo ya kichwa na pale inapogusana na mdomo wa mfuko. Mkwaruzo wa rangi pekee si hatari. Mkwaruzo uliofikia nyuzi, au mstari unaozunguka shafti, ni sababu ya kuikataa. Kisha kamata kichwa kwa mkono mmoja na mshiko kwa mwingine, usokote kidogo; ukisikia mlio wa kukwaruza, ama gundi imeachia ama nyuzi zimekatika. Uliza pia kama shafti zimewahi kung'olewa na kurudishwa, kwa sababu moto mwingi unaoweza kutumika kung'oa chuma bila madhara huunguza gundi ya grafiti na kuidhoofisha ncha yake. Ukishazinunua, vivishe vichwa vifuniko na uchague mfuko wenye mdomo uliofunikwa kitambaa laini, ili shafti zisisagike safarini.