Mama anaona watu wasiokuwepo: muwahisheni kwa daktari wa macho

Mkuu, umeeleza kwamba mama yako wa miaka 78 hautambui uso wako, ila kuku akipita mlangoni anamfukuza. Sasa anasema kuna watoto wamekaa kwenye kochi, na ndugu wanadai ni majini.

Marehemu mama yangu, Tanga, alipitia hayohayo. Alianza kwa kusema fremu ya mlango imepinda. Tukabadilisha miwani mara mbili, tukadhani ni mtoto wa jicho. Kumbe kilichochakaa kwa uzee ni makula, sehemu ndogo katikati ya retina, utando unaopokea picha nyuma kabisa ya jicho. Hiyo ndiyo ya kusomea na kutambua sura. Pembeni hubaki pazima, ndiyo maana mama alikuwa akinitazama kwa upande. Nilidhani kaninunia.

Aina kavu ya uchakavu huo hwenda polepole, kwa miaka. Ya majimaji ndiyo ya kuogopa: mishipa dhaifu huota chini ya retina na kuvuja, na ndani ya wiki chache uoni wa katikati unaweza kwenda. Hiyo ina sindano za ndani ya jicho, kama bevacizumab, za kurudiwarudiwa. Zinazuia uharibifu, ila kilichokwisha kufa hakirudi. Sisi tulichelewa, na hadi leo linaniuma. Kwa hiyo leo hii mpe daftari la hesabu lenye vyumba, mzibe jicho moja, kisha jingine. Mistari ikipinda au katikati pakiwa na doa, msingoje mwisho wa mwezi.

Kuhusu wale watoto: mama yangu naye aliona wanawake wa kanga, wamekaa kimya. Alituficha miezi, akiogopa kuitwa mwehu. Daktari alipomuuliza kwa upole kama anaona vitu wasivyoviona wengine, alilia. Inaitwa sindromu ya Charles Bonnet, Mswisi aliyeieleza mwaka 1760 kwa kumtazama babu yake, mzee mwenye akili timamu. Ubongo ukikosa picha kutoka machoni hujitungia zake. Picha hizo hazina sauti. Mama yako akianza kusikia watu wakiongea, au akichanganyikiwa, mwambie daktari, huenda ni jambo jingine.

Ukiingia chumbani taja jina lako. Ongeza mwanga. Mama yangu alifundishwa kupepesa macho na kuyazungusha kushoto na kulia ili picha hizo ziondoke. Jioni wale wanawake wakija, aliomba taa iwashwe, wakaondoka, akaendelea na tasbihi yake.