Pesa za kikundi, kibanja cha mlokole, na neno "kuamini"

Mwalimu, nasema namwamini Mungu, na nasema namwamini fundi wangu wa pikipiki. Kitenzi ni kimoja. Je, ni jambo moja? (Msomaji, Busia)

Lugha imekubana, ndugu yangu. Imani, amana, uaminifu, zote ni za shina moja la Kiarabu, na Kiswahili kimezipokea bila kuzitenganisha. Jirani zetu Waganda wana maneno mawili: okukkiriza, ambalo pia ni kukubali, na okwesiga, kumtegemea mtu kwamba hatakuangusha. (Kanisani utawasikia wakimwesiga Mungu pia, kwa hiyo mpaka wenyewe una njia za panya.) Mimi nikichanganyikiwa huchungulia huko. Mungu umemkubali, fundi umempima. Alikutengenezea mara tatu, pikipiki ikawaka, ndipo ukampelekea ya nne.

Siwezi kuamini nisichokiona, lakini kila asubuhi napanda boda ya mtu nisiyemjua. Mama anasema hiyo tayari ni imani. (Mwanafunzi, Arua)

Mama amekuzidi ujanja, lakini hapo sikubaliani naye. Yule wa boda ana steji, wenzake wanamjua kwa jina, na akianza kupita upande usio wake unamgonga bega unashuka. Kuaminiana kwa kila siku kuna mlango wa kutokea, na anayetoka kwa sababu nzuri halaumiwi. Imani ya dini haiendi hivyo. Karoli Lwanga na Wakristo wenzake walipochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mlango ulikuwepo: wakane dini. Hawakuutumia.

Ninachoogopa ni mtu kumpa binadamu mwenzake imani ya namna ile. Kule Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, viongozi wa kundi moja la dini walihubiri kwamba dunia itakwisha pamoja na mwaka 1999, na waumini wakauza mali zao wakawakabidhi pesa. Dunia haikwisha. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lililopigiliwa misumari.

Kikundi chetu cha akiba tuko wanawake 25. Mweka hazina ni mzee wa kanisa. Tulipoomba pesa zihesabiwe mbele ya wote, alisema tumekosa imani. Wengi wamenyamaza kwa aibu. (Mama wa duka, Kasese)

Hesabuni, dada. Tena wiki hii.

Vikundi vingi hapa kwetu vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo ziko kwa watu watatu, sanduku lenyewe kwa wa nne. Siku ya kukutana kufuli zinafunguliwa moja moja, pesa zinamwagwa mkekani na kuhesabiwa kwa sauti, na wanachama wanalinganisha na kiasi walichokariri wiki iliyopita. Hakuna aliyeitwa mwizi. Kufuli zile zinamlinda mtunza sanduku kwanza: mtoto akizidiwa usiku na kliniki ikadai pesa, sanduku liko chini ya kitanda chake, na halifunguki.

Niliwahi kuwa katika kikundi ambacho tulimwachia mtu mmoja kila kitu kwa sababu alisali vizuri. Na kweli alisali vizuri. Alichukua kidogo akinuia kurudisha Jumamosi, akachukua tena kufidia kile kidogo. Mpaka leo naona hakuwa mwizi, ila sisi ndio tuliomwacha peke yake na pesa za watu.

Kama kikundini mna Waislamu, waambieni wamkumbushe mweka hazina wenu kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na inasemwa kwa walioamini.

Nanunua kibanja kwa ndugu tunayesali naye. Hataki karatasi, anasema neno la mlokole latosha. Nikisita ananisomea Yeremia 17:5, "Amelaaniwa mtu yule amtegemeaye mwanadamu." (Baba wa watoto watatu, Mukono)

Mstari huo unamkata yeye mwenyewe, maana neno lake nalo ni la mwanadamu. Sisemi ni tapeli. Nasema mwite mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, majirani wa mipakani wasimame kwenye alama zao, mkewe akubali na kusaini, na mwenye ardhi (maana kibanja hukaliwa juu ya ardhi ya mtu mwingine) aseme kwamba anajua kinauzwa. Asiye na la kuficha atachoka kidogo tu.

Kisha mwombe asome mbele, sura ya 32. Yeremia yuleyule yuko kifungoni, Wababeli wameuzingira mji, na Mungu mwenyewe amemwambia anunue shamba la Hanameli, binamu yake. Ndugu wa damu, na agizo limetoka mbinguni. Ungedhani watapeana mikono tu. Yeremia alipima shekeli 17 za fedha kwenye mizani, akatia sahihi hati, akaita mashahidi, akatoa hati mbili, moja ya muhuri na moja ya wazi, akamkabidhi Baruku mbele ya wote azitie katika chombo cha udongo zisiharibike.