Korti iliamua, baba hatumi pesa: dai deni bila wakili

*Shangazi, tangu 2023 nina amri ya Mahakama ya Watoto ya Milimani. Baba wa mtoto wangu anapaswa kunitumia shilingi 12,000 kila mwezi na kulipa karo. Alituma miezi michache, akaanza kupunguza, na sasa ni miezi saba bila hata senti. Ni dereva wa kampuni Eneo la Viwanda. Wakili aliniitisha pesa ambazo sina. Nifanyeje? – Mama wa Kayole*

Pole sana, mwanangu. Huhitaji kesi mpya. Unarudi kwenye kesi ileile kudai kilichokwisha kuamriwa, na sheria inakuruhusu kujisimamia mwenyewe mbele ya hakimu. Wengine hushika makubaliano ya kwa chifu wakidhani yanatosha, kumbe hayamkamatishi mtu mpaka korti iyapitishe kuwa amri. Wewe umeshavuka hapo.

Nenda sajilini, ofisi ya korti inayotunza faili za kesi, na nambari ya kesi, uombe nakala ya amri iliyothibitishwa kwa muhuri. Isome neno kwa neno: malipo yanaanza lini, tarehe gani ya mwezi, na karo imeandikwaje.

Kisha hesabu deni. Hapa ndipo maombi mengi hulegea, kwa hivyo usiharakishe. Toa taarifa ya M-Pesa ya kipindi chote, uchore jedwali mwezi kwa mwezi. Kwa mfano: "Machi, 12,000; alituma 4,000 tarehe 9; baki 8,000." Andika kila alichotuma, hata 500 ya maziwa. Akitoa ujumbe mmoja wa malipo uliyoyaacha, hakimu ataanza kushuku jedwali zima na utaambiwa ukahesabu upya. Kama amri inasema tu "atalipa karo" bila kiasi, ambatisha ankara za shule za kila muhula na risiti za ulizolipa wewe. Sare na nauli usiziingize ikiwa hazimo kwenye amri. Hizo zinahitaji ombi jingine la kuibadilisha.

Sasa omba notisi ya kumtaka afike kortini aeleze kwa nini asifungwe jela ya madai, yaani kifungo cha kutolipa deni. Iambatane na hati yako ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli, pamoja na amri, jedwali, taarifa ya M-Pesa na ankara. Usitie sahihi nyumbani: sahihi ya kiapo hutiwa mbele ya kamishna wa viapo, aliyeidhinishwa kuapisha watu.

Notisi ikishapewa tarehe, usimpelekee wewe wala kaka yako. Mtafute mpeleka samansi mwenye leseni, mtu anayefikisha hati za korti, umpe picha ya baba mtoto, nambari yake ya simu na saa anazoripoti kazini. Akishamfikishia, ataapa kueleza alimpa lini, wapi, na alimtambuaje. Kiapo hicho kikikosekana, hakimu hatatoa hati ya kumkamata hata baba mtoto asipotokea, maana hakuna ushahidi kwamba alijua ameitwa.

Akifika, mara nyingi ataomba kulipa kidogo kidogo. Kubali tu kama kiasi na tarehe vinaandikwa kwenye rekodi, na malipo ya deni yanatengwa na 12,000 za kila mwezi. La sivyo deni litakua huku akionekana analipa. Akisema ana familia nyingine au hamkuoana, Kifungu cha 53 cha Katiba kinawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la.

Jela ya madai haizidi miezi 6 wala haifuti deni, na kwa kawaida anayeomba mtu afungwe huweka kortini pesa za chakula chake. Tena dereva aliyefungwa hana mshahara. Kwa hali yako, ningeomba kwanza mwajiri aamriwe kumkata mshahara. Tafuta jina kamili la kampuni jinsi lilivyosajiliwa, kwa sababu amri yenye jina lisilo sahihi hurudishwa. Akihama kazi, rudi kortini na jina la mwajiri mpya.

Wakati huu wote usimzuie kumwona mtoto. Hilo ni suala tofauti na pesa, na ukimzuia unampa malalamiko ya kupeleka kwa hakimu.

Kabla ya kuwasilisha chochote, peleka karatasi zako FIDA Kenya au Kituo Cha Sheria, mashirika ya msaada wa kisheria, hapa hapa Nairobi. Waambie unajiwakilisha mwenyewe, wakukagulie hasa jedwali na kiapo.