Picha za zamani, wateja wapya

SWALI: Mimi ni mpiga picha mtaani Umoja, Nairobi. Kazi za harusi zimepungua. Je, akili unde inaweza kuniletea wateja wapya?

JIBU: Ndiyo, ndugu msomaji. Anza na kukarabati picha za zamani. Familia nyingi zina picha moja tu ya marehemu, imefifia na kukunjika, nazo huihitaji haraka kwa kijitabu cha mazishi. Zungumza na wachapishaji wa River Road wakuelekezee wateja kwa kamisheni.

Usiipige picha hiyo kwa simu. Iskani kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi), ile ndogo ya pasipoti kwa dpi 1200, na uhifadhi nakala asilia. Mikunjo na madoa iachie programu ya akili unde ya kukarabati picha. Uso ndio wenye hatari: ukiwa mdogo au umefifia, programu hubuni macho na meno, hulainisha ngozi, na familia huona mtu mgeni. Katika programu ya kuhariri picha, weka tokeo kama leya (tabaka) juu ya picha asilia, upunguze nguvu yake usoni hadi asilimia 40 hivi, kisha mwonyeshe jamaa aliyemfahamu marehemu kabla ya kuchapisha. Ukurasa wa kijitabu wa A5 (nusu ya A4) unataka pikseli 1748 kwa 2480 ukichapishwa kwa dpi 300.

Ukitaka kuitumia picha kujitangaza, pata kwanza idhini ya familia kwa maandishi.