Maswali Yenu: Madai ya Bima na Siri za Wagonjwa

SWALI: Bima iliomba maelezo ya ziada kuhusu dai la kipimo cha damu. Karani wetu, akitaka tulipwe haraka, akatuma faili lote la mgonjwa. Je, kuna ubaya? – Mhasibu wa kliniki

JIBU: Upo, tena mkubwa. Faili lote hubeba mambo yasiyohusu dai hilo hata kidogo: majibu ya VVU ya zamani, ushauri nasaha, namba ya simu ya mke au mume. Sheria za siri na data, yaani HIPAA ya Marekani, GDPR ya Ulaya na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 zote zina kanuni ya namna hii: toa taarifa zinazotosha kazi iliyopo, basi. Kwamba bima ndiye mlipaji hakumpi haki ya kusoma kila kitu.

Isomeni barua ya bima neno kwa neno: inataka hati gani, ya tarehe gani ya huduma? Kwa kipimo cha damu, kwa kawaida hutosha agizo la daktari lenye saini, maandishi ya daktari ya siku ile na majibu ya maabara. Toeni kurasa hizo peke yake na kuziweka kwenye PDF mpya.

Kuna mtego mmoja hapa. Wengi hufunika sehemu za siri kwa kisanduku cheusi kisha wanahifadhi. Kisanduku kile ni pazia tu, maandishi bado yako chini yake. Buruta kipanya juu ya weusi, nakili, bandika kwenye ukurasa mtupu: yakitokea, hujafuta kitu. Tumia programu yenye kazi maalumu ya kufuta kabisa, au chapisha ukurasa, ziba kwa wino mzito, kisha uskani upya.

Angalieni na jina la faili. Faili lililoandikwa jina la mgonjwa na ugonjwa wake limeshatoa siri kabla halijafunguliwa, na kichwa cha barua pepe ni hivyohivyo. Andikeni namba ya dai. Mwisho, wekeni daftari la kutuma: tarehe, kurasa zipi, kwa nani, nani ametuma.

SWALI: Mfumo unatuonyesha dai "limepokelewa". Baada ya mwezi tunapiga simu, bima inasema haijaliona. Nani anasema kweli? – Karani wa madai

JIBU: Huenda wote wawili. Muulize mwenye mfumo: limepokelewa na nani? Marekani, kwa mfano, faili la madai huitwa 837. Jibu la kwanza, 999, linasema tu kwamba muundo wa faili uko sawa. Halijui kama mgonjwa ana bima hai. Jibu linalofuata, 277CA, ndilo linaloeleza dai lipi limekubaliwa kuingia kwa mlipaji na lipi limerudi. Maelezo ya malipo huja katika 835. Kwenu majina yanaweza kuwa mengine, lakini hatua hizo tatu karibu hazikosekani, na kliniki nyingi husimama kwenye ya kwanza na kudhani kazi imekwisha.

Kila asubuhi mtu mmoja alinganishe hesabu za jana: madai yaliyotumwa, yaliyokubaliwa, yaliyorudi. Mbili za mwisho zikijumlishwa zisipofikia ya kwanza, kuna dai limepotea njiani, na siku ya pili ni rahisi kulitafuta kuliko mwezi wa pili. Hifadhini pia risiti ya kukubaliwa. Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, hutoa mwaka mmoja tangu tarehe ya huduma, bima nyingine hutoa muda mfupi zaidi, na risiti ndiyo inayoonyesha kwamba hamkuchelewa.

Msichanganye kurudishwa na kukataliwa. Dai lililorudishwa halijaingia, kwa hiyo rekebisheni mtume upya. Lililokataliwa limeshapimwa: hapo mnakata rufaa au kutuma dai la marekebisho likitaja namba ya lile la kwanza. Mkilituma kama jipya, mfumo wa bima utaliona ni nakala na kulitupa.

Linalorudisha madai mara nyingi ni jambo dogo la mapokezi: jina au tarehe ya kuzaliwa isiyofanana na ya bima. Jingine ni msimbo wa ugonjwa usiokamilika. Katika ICD-10 ya Marekani, yaani orodha ya misimbo ya magonjwa, E11 pekee haitoshi kwa kisukari cha aina ya 2. Dai linataka msimbo kamili, kama E11.9 pale pasipo na matatizo yaliyotokana nacho. Msimbo sahihi hutoka katika maandishi ya daktari. Kuubadilisha ili dai lilipwe ni udanganyifu, hata kama bosi ndiye aliyeagiza.

SWALI: Makarani watatu tunatumia nywila moja kuingia tovuti ya bima. Inaruhusiwa? – Msomaji

JIBU: Hapana. Likitokea kosa, kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina moja na hamtajua ni nani. Ombeni akaunti tatu, na anayeacha kazi afungiwe yake siku hiyohiyo.

SWALI: Orodha ya wagonjwa imeenda kwa barua pepe ya mtu tusiyemjua. Tuanzie wapi? – Meneja wa kliniki

JIBU: Andika saa mliyogundua, maana muda umeanza kuhesabiwa. Mwombe aliyeipokea aifute na athibitishe kwa maandishi. Usiifute kwenye barua zilizotumwa, huo ni ushahidi. Kisha pima madhara: ni wagonjwa wangapi, taarifa gani, faili lilikuwa na nywila au la, na nywila yenyewe ilikwenda kwa njia nyingine au ndani ya barua ileile?

Penye hatari kwa wagonjwa, Kenya na Ulaya hutaka mamlaka ya data iarifiwe ndani ya saa 72. Wikendi haiwasamehi: mkigundua Ijumaa saa kumi jioni, muda unaisha Jumatatu saa kumi jioni. Marekani, wagonjwa huarifiwa bila kuchelewa na kamwe si zaidi ya siku 60; wakifika 500, wizara ya afya nayo hujulishwa ndani ya muda huo.

Kama kosa ni la kampuni inayotuma madai kwa niaba yenu, bado mgonjwa atawauliza ninyi. Kenya humtaka mchakataji wa data, yaani kampuni hiyo, awaarifu ndani ya saa 48, lakini mkisubiri zote 48 hamna nafasi ya kuchunguza. Andikeni 24 kwenye mkataba, pamoja na simu ya mtu anayepokea usiku.